Kuziba Ngazi ya Dharura ya Nje

SWALI: Mwenye jengo letu la orofa nne anataka kuifunika kwa mabati pande zote ngazi ya dharura ya nje, ili mvua isiingie. Je, inafaa?

JIBU: Haifai kabisa, ndugu msomaji. Ngazi hiyo ni salama kwa sababu moshi hupata pa kutokea. Ukiizungushia mabati, inageuka dohani ambamo watu wanakimbilia. Kanuni ya Kimataifa ya Majengo, inayofuatwa sana Marekani, inataka angalau upande mmoja uwe wazi, wenye uwazi usiopungua mita za mraba 3.3 katika kila orofa na kila kibaraza cha katikati (sehemu bapa ya ngazi kati ya orofa na orofa). Mvua izuiwe kwa paa la juu na vidato visivyotuamisha maji. Kagueni pia madirisha yanayopakana na ngazi, kwani miali ya moto hupenyea hapo.