Maswali yenu kuhusu kifo cha Robert Ouko

Mimi ni wa juzi tu, huyu Ouko alikuwa nani?

Waziri wa mambo ya nje wa Kenya enzi za Moi. Usiku wa kuamkia 13 Februari 1990 alitoweka nyumbani kwake Koru, mwili ukapatikana chini ya kilima cha Got Alila, hata kilomita tatu kutoka kwake hazifiki, na ulikuwa umechomwa.

Si polisi walisema alijiua?

Ndio, mwanzoni walisema hivyo, na hapo ndipo damu hunichemka. Pale karibu na mwili kulikuwa na bastola na jerikeni ya dizeli, basi wakataka tuamini mtu mzima amejimwagia mafuta akajiwasha moto halafu akajipiga risasi. Daktari Iain West aliyetoka Uingereza akakuta mguu wa kulia umevunjika, risasi imepita kichwani. John Troon, mpelelezi wa Scotland Yard (polisi wa London), naye akasema waziwazi haya ni mauaji.

Kuna kijana mchunga ng'ombe anatajwa sana, kwa nini?

Kwa sababu aliuona mwili tarehe 13 mchana akiwa na ng'ombe wake, na nchi ikatangaziwa tarehe 16! Siku tatu jamani. Mvua, wanyama, watu kupita, yeyote mwenye nia mbaya angeweza kuhamisha kitu pale na hakuna wa kumwona. Kesi ya mauaji hufa hapo hapo, kabla hata wakili hajavaa joho, na wengi mkiisimulia hii mnakimbilia majina ya wakubwa mnaziruka hizo siku tatu.

Kuna mtu alifungwa?

Hakuna. Aliyekuwa mkuu wa wilaya (DC) wa Nakuru, Jonah Anguka, alishtakiwa, jaji wa kwanza akafariki kesi ikiendelea ikabidi waanze upya, 1994 akaachiliwa huru. Tume ya Jaji Gicheru, iliyokuwa ikichunguza kifo hiki, Moi aliivunja Novemba 1991, muda mfupi tu baada ya Troon kutaja mbele yake watu aliotaka wachunguzwe zaidi. Bunge nalo likaunda kamati yake 2003, hakuna kilichofika mahakamani.

Nataka kuandika makala juu ya kesi hii, nianzie wapi?

Anza na mfanyakazi wa nyumbani kwake. Ndiye aliyeeleza kuhusu gari jeupe lililoondoka pale usiku ule, na aliyasema hayo wakati wakubwa wengi walikuwa wamefunga midomo. Ushahidi wake usome wote, taratibu, kabla hujagusa siasa za Nairobi.