Usinunue kioo! Chomeka kwenye TV kwanza

Mkuu, rudisha mfukoni hiyo laki mbili na ishirini ya kioo cha laptopu. Unauliza kioo ununue Kariakoo au uagize mtandaoni, wakati umeandika mwenyewe kwamba mistari inakuja ukifungua kifuniko na ukikilaza nyuma kidogo inapotea. Kioo kilichokufa hakifufuki kwa kulazwa, kaka. Huyo fundi wako anayekwambia kioo kimekufa hajapima kitu.

Nayasema haya kwa uchungu maana yalinikuta. Laptopu yangu ilikuwa na dalili hizohizo: mistari ya wima, picha inachezacheza, mara nyeupe tupu, nikisogeza kifuniko inatulia. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mwenye meza ndogo na mdomo mkubwa. Akaiwasha, akaguna kama daktari, akasema kioo kimekufa, laki moja na themanini. Nikatoa. Ilikuwa ada ya mtoto. (Mke wangu, kama unasoma humu, hii ni habari ya rafiki yangu.)

Siku nne, safi. Ya tano, mistari ileile. Nikarudi, akadai hicho kioo kipya nacho ni kibovu, atanibadilishia. Hapo mtu mwenye akili angebeba mashine yake akaondoka. Mimi nikavuta stuli nikakaa.

Betri ya laptopu yangu ni ya ndani, si zile za kubofya ukatoa. Maana yake hata ukizima, umeme bado umo. Jamaa akachomoa waya wa kioo bila kugusa betri, akachomeka kingine, upande umekaa upande haujakaa. Giza. Feni inazunguka, Windows inalia mlio wake wa kuwaka, kioo cheusi tii. Akanitazama bila aibu: "Sasa hii ni mazabodi, bosi." Yaani ile bodi kuu ya ndani. Niliingia na mistari, nikatoka na kiza!

Kijana mmoja wa Ubungo ndiye aliyeniokoa. Alimulika tochi kwenye kioo kwa pembeni, nikaona ikoni zangu kwa mbali kama vivuli. Picha ipo, taa ya nyuma ndiyo haipo. Fyuzi ya taa hiyo kwenye mazabodi ilikuwa imeungua, kidude kidogo kuliko punje ya mchele: 30,000. Kisha akafungua bawaba akanionyesha fleksi, ule waya bapa unaopeleka picha kwenye kioo, umechubuka pale unapojikunja kila unapofungua na kufunga. Fleksi mpya: 25,000. Kile kioo changu cha kwanza tulikijaribu, kizima, hakina hata doa. Ninacho hadi leo kabatini, kimefungwa gazeti. Piga hesabu: 235,000 kutibu ugonjwa wa 25,000.

Kwa hiyo TV kwanza, mkuu. Unganisha laptopu na TV kwa kebo ya HDMI, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua picha itoke kote kuwili. TV nayo ikiwa na mistari, kioo hakina kosa, na anayekuuzia kioo mkimbie. TV ikiwa safi, kosa liko kwenye kioo au fleksi: sogeza kifuniko taratibu mbele na nyuma, mistari ikija na kuondoka kama ulivyoeleza, ni fleksi. Isipobadilika kwa pembe yoyote, hapo ndipo tuanze kuzungumzia kioo.

Na nyie mliomshauri humu apige Windows upya, mwacheni. Awashe aingie BIOS, ile skrini ya mipangilio inayokuja kabla ya Windows. Mistari ikiwemo humo, Windows haijafika hata mlangoni, atafuta mafaili yake bure.

Fundi yeyote akitaka kugusa huo waya, achomoe betri kwanza mbele ya macho yako. Akinuna, beba mashine yako.

Kebo ya HDMI kama huna, chomoa ile ya king'amuzi, watoto wakose katuni dakika tano. TV KWANZA. Ukimaliza uje utuambie umeona nini.