Kufufua gari la porini la zamani: sura ibaki, lakini kazi ianzie kwenye chesisi

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, haya magari ya porini yanayorudishwa sokoni yakiwa na sura ya kale, ni magari kweli au tunauziwa kumbukumbu? Pili, hiyo Toyota Land Cruiser FJ40 uliyorithi na iliyolala muda mrefu, uifufue vipi ibaki na sura yake lakini uweze kuiendesha bila wasiwasi. Wachangiaji wengi wamekimbilia rangi, rimu na taa. Mimi nimeshiriki kufufua FJ40 tangu ikiwa chesisi tupu mpaka ikarudi barabarani, na nyingine za aina hiyo nimezifanyia kazi upande wa breki na stelingi. Nitakujibu yote mawili pamoja, kwa sababu jibu lake linatoka sehemu moja: sura ya magari haya ilizaliwa na kazi. Ukishajua kila umbo lilikuwa linafanya nini, hutapata shida kuchagua cha kubakiza na cha kubadilisha.

Angalia Land Rover ya kwanza, ile iliyooneshwa Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao, lakini aluminiamu ilipatikana. Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, na wenzake wakatengeneza bodi ya aloi ya aluminiamu, vipande vyake vikikunjwa kwa njia rahisi ili kusiwe na haja ya mashine ghali za kufyatulia bodi. Ndiyo maana ubavu wake umenyooka vile. Vioo bapa navyo vivyo hivyo: kikipasuka, fundi vioo yeyote anakukatia kingine. Taa ya duara ilikuwa ya kipimo cha kawaida, kwa hiyo ikiungua unapachika nyingine iliyopo. Bawaba za mlango ziko nje ili mlango utoke kwa urahisi. Madigadi yanaonekana ukiwa umekaa kwenye kiti, na hapo dereva anajua tairi lake linakanyaga wapi. Pua fupi na mkia mfupi vinaliwezesha gari kupanda ukingo bila kugonga bampa. Hakuna aliyekaa mezani akasema tulipe gari hili sura ya ukakamavu. Ukakamavu ulikuja wenyewe.

Kwa hiyo gari jipya lenye sura ya kale mimi nalipima kwa swali moja: umbo limerudi pamoja na kazi yake, au limerudi peke yake?

Suzuki Jimny ya mwaka 2018 kwangu ndiyo mfano bora. Taa za duara na bodi ya pembe nne zinakumbusha zile za miaka ya 1970 na 1980, lakini ukichungulia chini unakuta chesisi ya ngazi (fremu ya maboriti mawili marefu yaliyounganishwa kwa ya kukingama), ekseli nzima (mhimili mmoja unaobeba tairi zote mbili) mbele na nyuma, koili springi, na transfa (gia inayogawa nguvu mbele na nyuma) yenye gia nzito. Boneti ni bapa na kona zake unaziona ukiwa ndani. Mstari wa dirisha la mbele umeshushwa karibu na kioo cha pembeni ili uone ardhi iliyo kando ya tairi. Hata mfereji wa maji kwenye ukingo wa paa wameubakiza, kitu ambacho magari mengi ya kisasa yamekiacha. Ukifungua mlango mvua inanyesha, maji hayakumwagikii kwenye kiti. Kitu kidogo, lakini hapo unaona kwamba waliokaa kuichora walikuwa wanalijua gari.

Bronco ya Ford nayo imefanya kazi nzuri. Ya kwanza ilitoka kama modeli ya mwaka 1966, jina likaendelea mpaka 1996, kisha kimya. Iliporudi mwaka 2021 hawakuishia kwenye taa za duara na maandishi ya mbele. Milango na paa vinaondolewa, na vioo vya pembeni vimefungwa kwenye bodi, si mlangoni, ili ukiondoa milango bado uone nyuma. Juu ya madigadi kuna vishikio viwili vinavyokuonesha kona za gari, na unaweza kuvifungia kamba ya mzigo. Mbele kila tairi linajitegemea, nyuma kuna ekseli nzima. Wapenzi wa ekseli mbili nzima walinung'unika, lakini kwa mtu anayesafiri masafa marefu kwenye lami kabla ya kufika kwenye mawe, uamuzi ule nauelewa.

FJ Cruiser ya Toyota iliyoanza kuuzwa mwaka 2006 inanipa hisia mbili. Chini haina utani: chesisi ya ngazi na injini ya V6 ya lita 4.0 inayoheshimika kila mahali. Paa jeupe na uso wake vinatoka moja kwa moja kwa FJ40. Kioo cha mbele ni kipana na kifupi, ndiyo maana kina waipa tatu. Lakini nguzo za nyuma ni nene mno, na milango ya nyuma haifunguki mpaka ya mbele ifunguliwe kwanza. FJ40 ilikuwa gari la kuonea pande zote. Hapa umbo limekula uwezo wa kuona. Bado nalipenda gari hilo, ila ukitaka kujua sura inapoanza kuitawala kazi, mfano wake ni huo.

Defender ya sasa ya Land Rover, iliyozinduliwa mwaka 2019, imekwenda njia nyingine kabisa: bodi na chesisi ni kitu kimoja, springi za kila tairi zinajitegemea, kompyuta kila kona. Wanaolia kwamba si Defender wana haki ya kulia, lakini inaingia kwenye maji ya kina cha sentimita 90 na inafika inakotakiwa kufika. Wasioridhika na njia hiyo wakapata Grenadier ya Ineos, yenye chesisi ya ngazi na ekseli mbili nzima. Hata Scout, jina la mwaka 1961 ambalo Volkswagen wamelirudisha kwa magari ya umeme waliyoyaonesha mwaka 2024, imebaki na chesisi ya ngazi na ekseli nzima nyuma. Betri haijafuta sababu za zamani.

Sasa tuje kwa FJ40 yako.

Usinunue kitu chochote kabla hujalala chini ya gari na tochi, nyundo ndogo na bisibisi. Gonga chesisi taratibu kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia. Ukifika mahali palipoliwa na kutu, mlio unakufa, unasikia "tup". Hapo chokonoa kwa bisibisi. Sehemu ya kutilia mashaka zaidi ni ncha za nyuma za chesisi, karibu na vishikio vya springi, kwa sababu tope linaingia ndani ya boriti na halitoki. Kisha chukua futi ya utepe, pima kutoka kishikio cha springi cha kushoto mbele hadi cha kulia nyuma, halafu pima mshazari wa pili. Vipimo vikitofautiana waziwazi, chesisi imepinda, na hiyo ni kazi ya mashine ya kunyooshea kabla ya kingine chochote. Gari la chesisi iliyopinda halitanyooka hata ulivishe bodi mpya.

Kwenye bodi, chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa ili isikwaruze rangi, uipitishe juu ya bati. Inaponyanyuka kirahisi kuna puti nene chini yake, na puti nene mara nyingi maana yake kuna tundu lililofichwa. Pitisha hasa kwenye kona za nyuma, chini ya milango, chini ya fremu ya kioo cha mbele, na kwenye mfereji wa paa. Bati lililooza likatwe mpaka ufikie bati zima, kipande kipya kichomelewe, na ndani ya maboksi yote (sehemu za bodi zenye uwazi ndani) ipulizwe nta ya kuzuia kutu baada ya rangi kukauka. Fundi akikwambia ataziba kwa fiba, mshukuru uondoke.

Injini usiitupe kwa haraka. FJ40 ina silinda sita za mstari mmoja, na kama yako ni ya kuanzia katikati ya miaka ya 1970 huenda ni injini ya 2F ya lita 4.2. Pima kompresheni ya kila silinda. Zikiwa nzuri na zikikaribiana, ifungue, badilisha sili na gasketi, irudishe. Nguvu yake iko kwenye mizunguko ya chini. Inapanda kilima taratibu bila kukanyagwa, na hiyo ndiyo nusu ya utamu wa gari lenyewe. Watu wanaopachika V8 mara nyingi wanaacha breki za kiwandani, na hapo ndipo gari linapogeuka hatari. Badiliko moja ninalolikubali kwenye injini ni kuondoa kabureta na kuweka mfumo wa kupuliza mafuta. Kabureta hutegemea boya linaloelea. Gari likiinama sana, kiwango cha mafuta kinapotoka, injini inakohoa au inazimika ukiwa katikati ya mteremko. Kabureta ya zamani ifunge vizuri uiweke stoo.

Breki ndizo ningezitanguliza mbele ya injini. Kama yako bado ina dramu mbele, weka diski; vifaa vya Land Cruiser FJ60 vinatumika sana kwa kazi hii. Lakini sikiliza hapa. Masta silinda (pampu inayosukumwa na kanyagio la breki) ya dramu mara nyingi ina vali ndogo inayobakiza shinikizo kidogo kwenye bomba ili brekishu zisirudi mbali. Ukifunga diski ukaiacha vali ile, pedi zinabaki zimeegemea diski muda wote. Niliwahi kuletewa gari lililofungwa namna hiyo. Baada ya safari fupi rimu la mbele lilikuwa halishikiki kwa moto, na mwenyewe alishabadilisha bearingi mara mbili akidhani tatizo ni hapo. Tulipobadilisha masta silinda, kazi ikaisha. Pamoja na hilo, mabomba yote ya breki yawe mapya, hata yanayoonekana mazima kwa nje.

Stelingi ya pawa iweke, hasa ukitaka tairi pana. Kuinua gari, punguza tamaa. Kila ukiinua, pembe ya propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli) inabadilika na mtetemo unaanza. Kila ukikuza tairi, gia zinakuwa ndefu, spidomita inadanganya, na breki zinapewa kazi kubwa zaidi. Tairi jembamba na refu kidogo, kama la kiwandani, linakaa vizuri zaidi chini ya madigadi yale na linapendeza kuliko hayo mapana yanayochomoza nje.

Waya usiunge viraka. Vuta mkanda mpya wa waya mzima, wenye fyuzi za kutosha na rilei kwa taa za mbele, kisha uzipitishe pale pale zilipopita za kiwandani. Taa za LED zipo zinazoingia kwenye nafasi ya inchi 7; chagua zenye mkato safi wa mwanga, yaani mwanga usiopanda juu, ili usiwapofushe wenzako. Mikanda ya viti ifungwe kwa bamba la chuma upande wa chini wa sakafu, na fremu ya kinga dhidi ya kupinduka ishikiliwe na chesisi. Ikishikiliwa na bati la sakafu peke yake, siku ya ajali inachomoka.

Mwishoni kabisa ndipo uje kwenye uso ambao wengi wanaanza nao. Paa liache jeupe, linapunguza joto ndani. Fremu ya taa na grili usibadilishe na zile za plastiki zinazofanya gari lionekane limekasirika. Rangi chagua moja kati ya zile za kiwandani. Na popote unapotaka kutoboa au kukata ili kuweka kitu kipya, tafuta kwanza tundu la zamani la kiwandani. Mara nyingi lipo, na siku ukitaka kurudisha cha awali hutakuwa umeharibu bati.

Kabla hujamlipa fundi yeyote, piga picha za sehemu nne uziweke hapa: ncha za nyuma za chesisi zote mbili, sakafu chini ya kiti cha dereva, fremu ya kioo cha mbele upande wa chini, na ngumi za ekseli ya mbele (maungio ya kugeuzia tairi) pale grisi inapovujia. Tukiziona hizo tutakwambia kama ni kazi ya bodi tu au unahitaji kutafuta chesisi nyingine.