Jibu: Kumpima binti wa miaka 15 selimundu bila kumwambia

Dada, umeuliza kama ni sawa binti yako apimwe kimyakimya, aambiwe ni damu ya malaria, kwa kuwa kakake ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nakuomba usifanye hivyo.

Akiwa anaumwa viungo, macho yana umanjano au anapungukiwa damu, mpeleke hata leo. Hiyo ni tiba. Lakini kama ni mzima na wataka tu kujua kama anabeba jeni moja ya selimundu bila kuugua, hakuna dawa inayomngoja. Madaktari wa watoto na wa jenetiki wa Marekani, kwenye mwongozo wao wa 2013, hawaungi mkono kuwapima watoto ubebaji hivihivi pasipo faida ya kiafya utotoni.

Mpwa wangu hapa Kisauni alipimwa. Karatasi ikaachwa juu ya kabati, shangazi mmoja akaisoma, na harusini wanawake wakanong'ona kuwa ana "damu mbaya". Aliacha hata kwenda kupakwa hina na wenzake. Na kubeba si ugonjwa! Kwa kawaida mtoto huugua iwapo baba na mama wote wanabeba, na hapo ni nafasi 1 kati ya 4 kwa kila mimba.

Keti naye, mueleze hali ya kakake, muulize anataka kujua au la. Akikubali, ombeni ushauri nasaha kwanza, na majibu apewe yeye nawe faraghani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inahesabu taarifa za jenetiki kuwa nyeti, kwa hivyo yatunzeni vizuri majibu hayo.