Kwa askari mnaoanza trafiki: kwanza mjue pa kusimama

Wadogo zangu mnaovua kaki na kuvaa nyeupe, hongereni. Utani wa hela ya soda mtauzoea, hata kwenye misiba ya ndugu zenu utawafuata. Mimi nimekaa kwenye nyeupe miaka mingi, michache darasani nikifundisha na mingine yote barabarani. Nikiulizwa ni kitu gani kinamwangusha askari mgeni, sianzi na Sura ya 168. Hiyo ndiyo Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, mtaisoma na mtafanyiwa mtihani. Kinachomwangusha ni mahali anaposimama.

Wiki yangu ya kwanza nilisimamisha Fuso hatua chache baada ya kona. Kosa nililiona vizuri, taa za nyuma hazikuwaka. Nikanyoosha mkono, dereva akatii palepale, tairi za kulia zikabaki juu ya lami. Sijamaliza hata kuomba leseni, basi likatokea kwenye kona. Aliyenivuta mkono ni utingo wa lile Fuso. Basi lilipita likavunja kioo cha pembeni cha lori, nami nimelala kwenye majani na kofia sijui iko wapi. Mkubwa wangu hakunifokea. Alinirudisha kwenye kona, akahesabu hatua kutoka pale gari linapoanza kuonekana hadi pale niliposimama. Hazikufika arobaini. Akaniambia nipige hesabu mwenyewe.

Hesabu yenyewe ni hii. Gari linalokwenda 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja na nusu kuona, kuelewa na kupeleka mguu kwenye breki, kwa hiyo mita 33 zimekwisha kabla breki haijaanza kushika. Lori lenye tela huchelewa zaidi, kwa sababu breki zake ni za upepo na upepo nao una safari ya kufika tairi za mwisho. Ongeza mvua, ongeza mteremko kama wa Kitonga ambako breki huwa zimeshachemka, halafu ujiulize mkono wako umeuinulia wapi.

Basi tafuta sehemu iliyonyooka, yenye bega pana, unapoonekana kutoka pande zote mbili. Usikae baada ya kona, nyuma ya kilele cha mlima, mlangoni mwa daraja wala mbele ya kituo cha daladala. Inua mkono mapema, kisha mwonyeshe dereva sehemu ya kuegesha, ukisubiri gari zima litoke kwenye lami. Magari yetu usukani uko kulia, maana yake dirisha la dereva liko upande wa magari yanayopita. Askari wengi husimama hapo kwa mazoea, mgongo wameupa barabara. Zunguka uzungumze naye kupitia dirisha la kushoto, au mwombe ashuke aje upande wa majani. Na gari likigoma kusimama, lipishe. Namba umeiona, mwenzako wa mbele ana simu.

Salimia kwanza. "Habari za safari, dereva" haikupunguzii cheo. Mwambie kosa kabla ya kumwomba nyaraka, maana ukianza na leseni ndipo utafute kosa, abiria wote wanajua unachotafuta. Kuchomoa ufunguo wa mtu na kupanda gari bila sababu ni tabia za kuacha kabla hazijaota.

Tochi ya kupimia mwendo kila mgeni anaitamani. Kwenye makazi mwisho ni 50, mabasi na malori yanayozidi kilo 3,500 mwisho ni 80 hata barabara ikiwa nyeupe. Kabla hujaiwasha, tembea ukakione kibao. Vibao vyetu hugongwa, hufunikwa na matawi, vingine huishia kwa wauza chuma chakavu. Umemwandikia mtu 68 mahali ambapo kibao cha 50 hakipo tena, utasema nini? Angalia pia pembe: ukikaa mbali na barabara na kuelekeza kiubavu, mwendo unaosomwa ni mdogo kuliko halisi. Magari matatu yakija yamebanana, usikisie lipi limesomwa. Acha yapite.

Kuhusu kujificha kwenye mahindi, wapo wakubwa watakaowaambia ndiyo kazi. Mimi nasema hapana. Aliyejificha anapata picha, lakini mtoto anayevuka mbele ya ile picha gari limeshampita na mwendo uleule. Askari anayeonekana kwa mbali, madereva wanawashiana taa, mwendo unashuka kilomita mbili nzima. Mnaweza kurudi kituoni na makosa machache kwenye mashine, na mkubwa akawatazama vibaya. Vumilieni.

Faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 kwa kosa. Bodaboda na bajaji walipunguziwa hadi 10,000. Inaandikwa kwenye mashine, inatoka namba ya malipo, dereva analipa kwa simu au benki. Mkono wako haugusi fedha. Ukipokea leseni ukahisi noti imekunjwa ndani, usiifungue. Mrudishie ileile ilivyo, mwambie kwa sauti ambayo mwenzako anaisikia: "Toa kilichomo, nipe leseni peke yake." Halafu andika kosa, lisibadilike kuwa onyo. Wapo watakaokucheka. Ila ukipokea mara moja, yule dereva ana wenzake, na kufikia jioni barabara nzima inajua bei yako.

Bodaboda usimkimbize. Usimdake mkono wala kuvuta kiti akiwa kwenye mwendo. Abiria wake hana kosa lolote, na akianguka utalala na sura yake. Soma namba, kesho nenda kijiweni kwao, mwone mwenyekiti wao. Wanajuana wote.

Kwenye makutano, simamisha gari moja kwa macho na mkono mzima, yaliyo nyuma yake yatasimama yenyewe. Msishikilie upande mmoja hadi foleni ifunge makutano ya nyuma, kosa tunalolaumiwa kila siku Dar es Salaam, na lawama hiyo ni ya haki. Viatu nunua vizuri. Maji kunywa hata kama huna kiu.

Siku ya ajali ndiyo itakayokupima. Mgeni hukimbilia majeruhi moja kwa moja, moyo unamtuma. Kwanza zuia magari, mtu mmoja kila upande, mbali vya kutosha kwa ile hesabu ya mita, usiku na reflekta. Ukishamaliza hilo ndipo uende kwa majeruhi, na PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, isichelewe. Likiwa ni lori la mafuta, ondoa watu kabla ya chochote, hata wakikutukana. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakasogea kuchota, moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Nikipita pale huwa nafikiria kamba ya kuzuia watu tu, na nani angekuwa na sauti ya kuwarudisha watu nyuma.

Kabla magari hayajavutwa, chora tairi zote kwa chaki, piga picha, pima alama za breki na pale vioo vilipomwagika, kwani mara nyingi ndipo yalipogongana. Mvua ikinyesha vyote vinafutika. Futi kamba ianzie kwenye kitu kisichohama: nguzo ya umeme, kalavati, jiwe la kilomita. Mimi kesi yangu ya kwanza nilipimia kwenye kibanda cha mama muuza maembe. Ramani niliichora nikaipenda. Miezi minane baadaye hakimu akataka kutembelea eneo la tukio, tukafika wote, na yule mama alikuwa ameshahamia ng'ambo ya barabara. Mshtakiwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.