Sikio la ndama likilala, usingoje usaha

Ukiona ndama amelaza sikio moja na kope ya upande huo imelegea, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Huku Rungwe, mkoani Mbeya, wengi tunakimbilia kulaumu kupe. Mtamba wangu alianza hivyo akiwa na umri wa mwezi hivi. Maziwa yakawa yanamchuruzika upande mmoja wa mdomo, baadaye kichwa kikapinda, akawa anazunguka na kuanguka. Hapo ugonjwa umeshavuka sikio la kati na kuingia la ndani.

Mara nyingi chanzo ni kijidudu kiitwacho Mycoplasma bovis, kinachopanda kutoka kooni. Hakina ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini, ile sindano tunayoipenda wote, haikifanyi lolote. Daktari alimpa oksitetrasaikilini na dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu. Tiba hii huendelea wiki moja hadi mbili, hata zaidi, kwa hiyo usiikatishe sikio likianza tu kusimama.

Usaha ukijaa nyuma ya ngoma ya sikio, daktari anaweza kuitoboa na kusafisha kwa maji ya chumvi ya dripu yaliyopashwa uvuguvugu. Ukigandamana ndani ya kifuko cha mfupa chini ya sikio, sindano haiufikii. Ndipo unapokuja upasuaji wenyewe: ndama analazwa kwa dawa, anapasuliwa chini ya sikio, mfupa unafunguliwa, uchafu unakwanguliwa, na mrija unaachwa wa kutolea majimaji. Mshipa wa fahamu wa uso unapita palepale, kwa hiyo si kazi ya kufanyia zizini na wembe. Ulizia hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, na upige hesabu ya safari kwanza. Kwa dume la kuchinja, mimi nisingeenda.

Wangu aliishia kwenye kutobolewa. Amepona, ila kichwa bado kimeinama kidogo, na anakula kama kawaida.

Wapo watakaokushauri umimine mafuta ya taa au dawa ya josho sikioni. Ngoma ikiwa imepasuka, unaiunguza sehemu ya ndani kabisa. Jicho lisilofumba nalo lipakwe dawa ya jicho, lisikauke likaingia kidonda.

Kijidudu hiki hupita pia kwenye maziwa, kwa hiyo maziwa ya ng'ombe anayeumwa kiwele usimpe ndama. Hata ya ng'ombe wengine, mimi nayapasha nyuzi 60 kwa nusu saa kabla ya kuwanywesha.