C+ yenye D ya Hesabu: uombe wapi, na pesa utatoa wapi

Wenye A hawanitafuti. Wanaonitafuta, tangu nilipokuwa nikihudumu katika saiba (duka la intaneti) moja hapa Kondele, Kisumu, ni wale ambao karatasi ya matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina A- ya Kiswahili na D ya Hesabu, mzazi kasimama pembeni anauliza, "Sasa huyu ataitwa chuo kikuu kweli?"

Akiwa na C+ ya jumla, mara nyingi ataitwa. Kazi ni kuchagua kozi.

Bila C+ huingii shahada moja kwa moja, hilo halina mjadala. Ukishavuka hapo, KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, hutazama sana masomo manne ya klasta, yaani kundi la masomo yanayohusiana na kozi unayoomba. Mpwa wangu wa Ahero alikuwa na C+, B+ ya Kiswahili, B ya Historia na D+ ya Hesabu. Alikuwa amejaza uchumi na takwimu kwa kuwa marafiki zake walijaza hizo. Tulizifuta. Ualimu wa sanaa unataka C+ katika masomo mawili utakayofundisha, naye alikuwa nayo. Sheria, inayotaka angalau B ya Kiingereza au Kiswahili, tuliiweka juu kwa sababu aliitamani, ingawa pointi za kuingilia za mwaka uliotangulia zilikuwa juu mno kwake. Aliitwa ualimu.

Pointi hizo zimo kwenye tovuti, chuo kwa chuo, na hupanda au kushuka kila mwaka. Kozi ileile inaweza kuwa na pointi tofauti Maseno, Masinde Muliro, Kibabii na Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo. Sijui nani aliwaambia watoto wetu kwamba chuo ni Nairobi tu. Mwenye C au C- aanze na diploma, mathalani Kisumu National Polytechnic, kisha aombe shahada kwa cheti hicho.

Sasa pesa. Kuitwa si kufadhiliwa. Katika mpango ulioanza 2023, mwanafunzi aliyepelekwa chuo cha umma huomba mwenyewe mtandaoni ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), halafu anapangwa katika mojawapo ya bendi 5, yaani makundi ya uwezo wa familia. Bendi ya 1, ufadhili ni asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Bendi ya 5, ufadhili 30, mkopo 30, familia 40. Tuseme kozi ni shilingi 200,000 kwa mwaka nawe uko bendi ya 3: ufadhili 100,000, mkopo 60,000, nyumbani watoe 40,000. Piga hesabu hiyo kabla ya kuchagua kozi, si siku ya kuripoti. Ukichagua chuo cha kibinafsi, ufadhili huo hupati. Utabaki kuomba mkopo.

Fomu ndipo watu huumia. Mama anauza omena (dagaa) soko la Kibuye, mtoto anaandika "mfanyabiashara" kwa kuona haya, na kwenye mapato anajaza mauzo yote ya mwezi. Andika kinachobaki baada ya kununua gunia na kulipa nauli. Kama ulisoma shule ya kitaifa kwa hisani ya mfadhili, sema ni nani aliyelipa karo, usije ukaonekana mtoto wa tajiri. Mzazi amefariki? Weka cheti cha kifo. Kudanganya ili uonekane maskini zaidi sikushauri, na jirani zako wengi wanahitaji pesa hizohizo.

Bendi isipolingana na hali ya nyumbani, kata rufaa mtandaoni ukiwa na stakabadhi mkononi. Ile sehemu ya familia itafutie basari ya NG-CDF (hazina ya eneo bunge) na ya kaunti mapema. Fomu zake mara nyingi hutaka mhuri wa chifu, na wa kwetu hupatikana ofisini asubuhi tu.